Kusini Unguja kwa siku moja: namna ya kupanga ziara ya historia iliyo hai

Mara ya kwanza kuwapeleka wanafunzi wangu ziara, niliwapitisha sehemu saba kwa siku moja. Tulianzia Ngome Kongwe saa mbili asubuhi, tukamalizia pwani ya Jambiani saa kumi jioni, maji yamejaa hadi karibu na minazi. Kina mama niliowaahidi watoto kuwa watawaona wakifanya kazi ya mwani na makumbi walikuwa wamesharudi makwao zamani. Tukirudi, nusu ya darasa walilala garini. Siku ya pili nilipouliza wamekumbuka nini, wengi walitaja gari kukwama mchangani.

Kosa lilikuwa langu, na nilijua limetokea wapi: nilihesabu majengo, sikuhesabu watu. Tangu hapo nimeupanga upya mpango wangu, na huu ndio ninaowapa walimu wenzangu, maustadhi wa madrasa na wazazi wanaotaka watoto wao waione historia ya kisiwa hiki ikiwa bado inafanya kazi. Ni ziara ya sehemu tatu tu, zote kusini: pwani ya Jambiani, pango la Kuumbi na msikiti wa Kizimkazi Dimbani.

Kwa nini kusini

Wengi wetu tuliosoma mjini tulipelekwa Beit al-Ajaib, jumba la makumbusho la mjini. Ndani ya jumba lile, lililojengwa mwaka 1883, palikuwa na mtepe uliojengwa upya kwa ufundi wa zamani, jahazi lisilo na msumari, mbao zake zimeshonwa kwa kamba. Watoto walikuwa wakiuzunguka wakitafuta msumari. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya jumba ilianguka, watu wawili wakapoteza maisha, nalo lilikuwa limeshafungwa kwa wageni, kwa hiyo skuli hazikuwa tena na mahali pa kuwaonesha watoto chombo kile.

Lakini kamba ile ni ya usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, na usumba bado unafukiwa, unapondwa na kusokotwa pwani ya mashariki na kusini ya Unguja. Mwanamke anayeusokota alifundishwa na mamake, na mamake na bibi yake. Ukikaa naye saa moja, mtoto ataufahamu mtepe hata kama hajawahi kuuona. Ndiyo maana naanzia hapo.

Kwanza, chagua siku kwa kuangalia mwezi

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote, na ndilo linalosahauliwa, kwa sababu sisi wa mjini tunapanga kwa kalenda ya ukutani. Pwani hupangwa kwa maji. Kazi ya mwani, kuchokoa pweza na kufukua makumbi hufanyika maji yakikupwa, hasa wakati wa bamvua, ambapo bahari hutoka mbali na kuacha uwanja mkubwa wa mchanga na mawe. Wakati wa maji mafu, bahari haitoki sana na utakuta watu wachache.

Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Kwa hiyo huna haja ya kutafuta jedwali la mawimbi. Chukua kalenda ya Kiislamu uangalie tarehe 1 hadi 3, na 15 hadi 17. Siku hizo maji hukupwa kabisa baina ya saa nne asubuhi na saa sita mchana, na kila siku inayofuata huchelewa kwa kama robo tatu ya saa. Ukishapata tarehe, mpigie mtu wa Jambiani umuulize, "Siku hiyo maji yanakupwa saa ngapi?" Atakujibu bila ya kufungua kitabu. Panga kufika pwani saa moja kabla ya saa aliyokutajia, kwa sababu kina mama huanza kuyafuata maji yanapotoka, hawayasubiri yaishe.

Kisha yapo ya kuepuka. Ramadhani, waache watu na ibada zao. Ijumaa usiweke, maana adhuhuri Dimbani ni ya swala ya Ijumaa na si ya wageni. Masika, yaani Machi hadi Mei, mvua itakuharibia siku nzima. Wakati ninaoupenda mimi ni kipupwe, Juni hadi Agosti, jua si kali na watoto hawachoki upesi. Upepo wa kusi huwa mkali pwani, basi waambie wasichana wafunge mitandio vizuri.

Fika kwa sheha kabla ya siku yenyewe

Wiki mbili kabla, nenda mwenyewe. Usitume ujumbe wa simu peke yake. Kwa kundi la skuli, chukua barua ya mwalimu mkuu yenye tarehe, idadi ya watoto, idadi ya walimu na sehemu mnazotaka kuziona. Ipeleke kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali kijijini, wa Jambiani na kwa sheha wa Kizimkazi Dimbani. Familia ya watu watano haihitaji barua, lakini salamu kwa sheha haijawahi kumpotezea mtu kitu.

Sheha ndiye atakayekuelekeza kwa bibi anayejua kazi ya usumba vizuri na anayependa kuzungumza, maana si kila fundi anapenda wageni. Nenda ukamwone bibi huyo siku hiyohiyo. Kaa, zungumza, mwambie watoto ni wa umri gani. Halafu mkubaliane mtampa nini. Ile saa moja atakayokaa nanyi ni saa ya kazi yake, na mimi sioni haya kulitaja jambo hili waziwazi: mtu wa nje hulipia kutembezwa, basi kwa nini bibi yetu akae na watoto arubaini kwa ahsante tupu? Mpeni kiasi mlichokubaliana, mkononi mwake, si kupitia kwa mtu. Zaidi ya hapo, nunueni kamba zake.

Kwa Kuumbi, muulize sheha mtembezaji wa kijiji. Msiingie pangoni peke yenu. Kwa msikiti, mwone imamu au msimamizi, umuombe ruhusa ya kuingia na watoto na umuulize saa inayofaa.

Gari, chakula, mavazi

Kutoka mjini hadi Jambiani ni zaidi ya kilomita 50, kupitia Tunguu, Jozani na Kitogani. Familia inaweza kwenda kwa daladala namba 309, lakini baina ya Jambiani na Kizimkazi itabidi wakodi gari ya kijijini. Kundi la watoto, kodini gari nzima kwa siku nzima, na mkubaliane na dereva njia yote kabla ya kumpa kianzio. Mtajie kila sehemu, umuulize barabara atakayopita na kama gari lake linaiweza.

Chakula kiagizwe kijijini siku tatu kabla. Wali wa nazi na samaki wa kukaanga unatosha, na fedha inabaki palepale mlipokwenda. Maji ya kunywa bebeni kutoka mjini, lita moja na nusu kwa kila mtoto.

Viatu vya raba vilivyochakaa ndivyo vya kuvaa pwani. Ndara hunasa kwenye tope, na miguu mitupu ni hatari kwa wale wadudu wenye miiba mirefu myeusi wanaokaa kwenye mawe. Kila mtoto awe na nguo ya kubadilisha. Wasichana na wanawake wachukue buibui au kanga mbili kwa ajili ya msikitini, wavulana wachukue kanzu au suruali ndefu. Tochi moja kwa kila watoto watano, kwa ajili ya pango.

Yaandae masikio yao

Siku mbili kabla, nalitumia somo zima kwa kazi moja: kuuliza. Watoto wetu wamezoea kujaza karatasi. Ukiwapa karatasi ya maswali kumi, watamsomea bibi maswali yote kwa mfululizo bila ya kumsikiliza, kama wakaguzi. Mimi nawagawa watatu watatu, kila kundi na swali moja tu, nao wanatakiwa waulize maswali mengine yatakayotoka kwenye jibu watakalopewa. Haya ndiyo yaliyonipa majibu marefu:

Nani alikufundisha kusokota, na ulikuwa na umri gani?

Kitanda kimoja cha kamba kinataka pima ngapi?

Kabla mwani haujaja, mlikuwa mkifanya nini maji yakikupwa?

Kuna kitu mamako alikuwa akikifanya katika kazi hii ambacho nyinyi hamkifanyi tena?

Swali la mwisho ni zito. Mwaka mmoja bibi alinyamaza muda mrefu kabla ya kulijibu, na mwanafunzi mmoja akataka kuendelea na swali jingine. Wafundishe kungoja.

Wakumbushe na adabu. Salamu kwanza, shikamoo kwa mkubwa, na jina la heshima: bibi, babu, maalim. Watasikia namna nyingine ya kusema, hasa wazee wakizungumza wenyewe kwa wenyewe. Makunduchi wana Kikae chao, na vijiji vya jirani vina lafudhi zao. Asicheke mtu. Badala yake waambie kila mmoja arudi na neno moja ambalo hakulijua, na jina la aliyemfundisha.

Siku yenyewe: pwani

Tuseme maji yanakupwa saa tano. Ondokeni mjini saa moja na nusu, mfike Jambiani saa tatu, msalimie kwa sheha, na saa nne muwe mchangani.

Anzeni na mwani, kwa sababu maji hayasubiri. Elezeni mapema kuwa hii si kazi ya tangu enzi. Kilimo cha mwani kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na wengi walioushika ni wanawake. Mtoto aione tofauti hiyo kwa macho yake: katika pwani moja, kazi ya karne nyingi na kazi ya umri wa mamake zinakaa hatua chache baina yao. Aone vijiti vilivyochomekwa kwa safu, kamba zilizovutwa baina yake, na vipande vya mwani vilivyofungwa kimoja kimoja. Kina mama watawaeleza wenyewe kuwa aina inayouzwa kwa bei nzuri, kotonii, haistahimili maji ya pwani yakipata moto, na waliobaki na spinosamu wanapata kidogo. Historia hii haijamalizika kuandikwa, na watoto wanapaswa kuisikia kwa wenye nayo. Wasikanyage kamba, wasing'oe kitu.

Maji yakianza kurudi, hamieni kwa bibi wa usumba. Hapa msiwe na haraka, saa moja kamili. Atawaonesha mashimo ya pwani ambamo makumbi hufukiwa na kukandamizwa kwa mawe. Hukaa humo miezi kadhaa. Maji ya chumvi huingia na kutoka, nyama ya kumbi inaoza, na nyuzi zinabaki. Yakifukuliwa harufu ni kali, watoto wataziba pua. Waacheni wazibe, kisha muwaombe wazizibue, maana harufu ile ni sehemu ya kazi na bibi ameinusa miaka yote. Baada ya hapo makumbi hupondwa kwa gongo, husafishwa, huanikwa, ndipo husokotwa.

Sasa kila mtoto ashike usumba ajaribu. Mwanafunzi wa kidato cha pili hutumia dakika kumi kupata shibiri moja, nayo ikiachiwa inajifungua. Bibi anasokota huku anazungumza, hata haangalii mikono. Wakishashindwa hivyo, ndipo ninapowaambia habari za mtepe: kwamba jahazi zima lilishonwa kwa kamba hii na likabeba watu na mizigo katika pwani yetu. Nikiwaambia mapema, linabaki neno. Nikiwaambia vidole vyao vikiwa vimewasha, nawaona wanaitazama kamba tena.

Kuumbi

Kulani kwanza, mswali adhuhuri, ndipo mwende pangoni. Saa nzima inatosha.

Pango liko ndani ya mawe ya matumbawe, nyuma ya kijiji cha Jambiani, na njiani mtembezaji hutaja miti ya dawa. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba hapa mwaka 2005, na watafiti wengine wakafuata. Chini ya udongo walikuta dalili za watu kuwapo kama miaka 20,000 iliyopita, pamoja na mifupa ya wanyama wasiopatikana tena Unguja, wakiwemo punda milia na nyati. Waulizeni watoto, punda milia alifikaje kisiwani? Wapeni muda. Yupo atakayesema aliogelea. Hatimaye mmoja hugundua kuwa hapakuwa na kisiwa, kwamba bahari ilikuwa chini zaidi kuliko leo na Unguja ilikuwa imeshikana na bara. Asubuhi wameona maji yakitoka na kuacha ardhi kavu, kwa hiyo jambo hili haliwi geni kwao.

Watu wa kijijini bado wanalihesabu pango hili kuwa mahali pa mzimu, na mnaweza kukuta alama za walioacha nadhiri. Kila mzazi na ustadhi ana msimamo wake juu ya hilo, azungumze na watoto nyumbani. Ndani ya pango, tunyamaze na tusiguse kitu cha mtu.

Dimbani

Panga mfike Kizimkazi Dimbani kabla ya alasiri, mtie udhu, mswali na jamaa wa pale, kisha ndipo muangalie. Wengi huja, wakapiga picha ya mihrabu wakaondoka. Msikiti huu haujawahi kuwa makumbusho, bado ni msikiti. Kwa nje ni jengo dogo lenye bati, na gari linaweza kupita usilione. Ndani, kwenye ukuta wa kibla, kuna maandishi ya Kikufi, hati ya kale ya Kiarabu, yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe, yanayoutaja mwezi wa Mfunguo Pili mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Sehemu kubwa ya jengo lenyewe ilijengwa upya karne ya 18, lakini maandishi ni yale yale, na watu wanasali mbele yake leo.

Mwacheni imamu au mzee wa kijiji azungumze. Huenda akawapa kisa cha mfalme Kizi na mwashi wake Kazi, aliyejenga kazi nzuri mpaka mfalme akaamuru akatwe mkono asije akajenga mfano wake kwengine, na namna mfalme mwenyewe alivyotoweka pangoni adui walipokuja. Baada ya hapo mimi huwauliza watoto: jiwe limesema nini, na mdomo umesema nini? Jiwe limetupa tarehe. Mdomo umetupa mkono wa fundi, jambo ambalo hakuna mfalme angeliandika ukutani. Siwaambii kuwa kisa ni uongo, wala sikiweki daraja moja na maandishi. Wanafunzi wa darasa la saba wanaweza kuvishika vyote viwili wakajua kila kimoja ni cha namna gani, ilimradi mwalimu asiwaharakishe.

Saa kumi na moja muwe garini.

Ukiutaka Mwaka Kogwa

Wapo wanaoniuliza kwa nini nisiwapeleke watoto Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa, ambao ndio historia iliyo hai kuliko zote. Nawajibu kuwa naenda kila nikipata nafasi, lakini na familia yangu, si na darasa. Sherehe huwa Julai, siku nne kwa desturi, nayo ni Nairuzi, mwanzo wa mwaka wa jua wenye siku 365 uliokuwa ukihesabiwa kwa miongo, yaani siku kumi kumi, na wakulima na mabaharia wetu. Katika uwanja wa Kae Kuu, wanaume wa pande mbili hupigana kwa migomba kutoa vinyongo vya mwaka. Kisha kibanda cha makuti hutiwa moto, na moshi wake huangaliwa unaelekea wapi. Kina mama huzunguka wakiimba, na baadhi ya nyimbo ni za watu wazima.

Kama utakwenda, fika asubuhi uwasalimie watu majumbani kabla ya kwenda uwanjani. Watu wa Makunduchi huona vibaya siku hiyo kukosa mgeni, basi ukikaribishwa chakula, kula. Watoto wadogo wakae mbali na wapiganaji, maana wakikimbia hawaangalii nyuma. Ukiweza kulala hukohuko, lala, kwa sababu jioni gari ni za kugombania.

Mkisharudi

Ndani ya wiki hiyo, kila kundi lisimulie darasani jibu walilopewa, kwa mdomo, bila ya kusoma. Maneno mapya yaandikwe kwenye karatasi kubwa ukutani pamoja na majina ya waliowafundisha. Kamba mliyonunua ikatwe vipande, kila mtoto aondoke na chake.

Na picha zichapishwe. Huyu bibi wa usumba amepigwa picha nyingi na watu waliokwenda zao, na hana hata moja. Chagueni mbili nzuri, aliyo peke yake na aliyo na watoto, muandike nyuma jina la skuli na tarehe, mzitie kwenye bahasha ngumu. Kama hamwendi karibuni, mpeni kondakta wa 309 anayekaa Jambiani, mtajieni nyumba, kisha pigeni simu jioni kuuliza kama zimefika.